Unatoka Kojani na unataka kazi ya fedha? Huanzi sifuri

Kabla hujaendelea kusoma, jaribu hesabu hii.

Kikundi cha kuweka na kukopa kina watu 25. Hisa moja ni shilingi 2,000. Kwa wastani kila mwanachama ananunua hisa 3 kwa wiki, kwa wiki 50. Mikopo na biashara ndogo za kikundi zimeleta faida ya shilingi 900,000. Siku ya mgawo imefika, na bibi mmoja mwenye hisa 100 amekaa mbele ya katibu anasubiri chake. Apewe shilingi ngapi?

Jibu ni 224,000. Hisa zote ni 3,750. Pesa zilizowekwa ni shilingi 7,500,000, ukiongeza faida zinafika 8,400,000. Gawa kwa 3,750, kila hisa sasa ina thamani ya shilingi 2,240. Bibi aliweka 200,000, anaondoka na 24,000 juu yake.

Kwa simu yenye kikokotoo ni kazi ya dakika chache. Ugumu upo kwingine: kuifanya mbele ya watu 24 wengine, kila mmoja na hesabu yake kichwani, na wote waondoke wameridhika. Kijana aliyewahi kuifanya kazi hiyo mara mbili tatu bila ugomvi ana kitu ambacho benki inakitafuta. Tatizo ni kwamba wengi hawajui kama wanacho, na hawakiandiki popote.

Kojani wako wengi wa namna hiyo. Ni kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Pemba, Wilaya ya Wete, kilichotengwa na Pemba yenyewe kwa mkono mwembamba wa bahari. Wakojani wanajulikana mwambao mzima kwa uvuvi na kwa dago, zile safari za kuhama na chombo na kupiga kambi miezi kadhaa Tanga, Mafia, Kilwa au pwani ya Kenya, pale bahari inapotoa. Kijana anakua akijua njia mbili: baharini au skuli. Kazi ya fedha huonekana kama kitu cha watu wa mjini wenye tai.

Siyo kweli.

Mgawo wa chombo ni somo la fedha

Tuseme chombo kimerudi na samaki wameuzwa mnadani kwa shilingi 900,000. Mafuta, barafu na chakula vimekula 240,000. Zinabaki 660,000. Tuseme makubaliano ni nusu kwa nusu: 330,000 za chombo na nyavu, 330,000 za wavuvi. Kama wavuvi ni 11, kila mmoja anapata 30,000. Kila chombo kina mgawo wake, na nahodha mara nyingi ana fungu la ziada, lakini mtindo ni huo.

Sasa angalia majina ya ofisini. Ile 900,000 ni mapato. Mafuta na barafu ni gharama za uendeshaji. Fungu la chombo ni malipo ya mtaji, na humo ndani ndimo inapotakiwa itoke pesa ya kubadilisha nyavu zikichakaa. Mhasibu anaiita uchakavu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anakaa muhula mzima akijifunza vitu hivi kwa mfano wa kiwanda ambacho hajawahi kukiona. Mtoto wa Kojani ameviona ufukweni tangu ana miaka saba.

Kuna faida nyingine kubwa zaidi, nayo ni kuijua kalenda ya bahari.

Wanaovua dagaa kwa taa wanategemea giza. Mbalamwezi ikiwa kali, samaki hawaifuati taa, na vyombo vingi hupumzika. Wakati wa kusi kuna siku bahari haitokeki kabisa. Mwani nao unahitaji kama wiki sita tangu kufungwa kwenye kamba hadi kuvunwa, na wakulima hufuata bamvua, siku ambazo maji hukauka sana.

Kwa hiyo ukimpa mvuvi mkopo wa kulipa kiasi kilekile kila tarehe 30, unamtafutia matatizo. Mwezi huu tarehe 30 inaangukia gizani, ana pesa. Mwezi mwingine inaangukia mbalamwezi, hana. Afisa mikopo aliyekulia mjini ataandika "mteja msumbufu". Aliyekulia Kojani atapendekeza marejesho yafuate giza, na pesa itarudi. Serikali ya Mapinduzi Zanzibar imekuwa ikitoa boti na vifaa kwa mikopo nafuu kwa wavuvi na wakulima wa mwani, chini ya sera yake ya uchumi wa buluu. Mikopo hii inahitaji watu wa kuichambua na kuifuatilia, na anayejua tofauti ya bamvua na maji mafu ana nafasi ambayo haisomewi darasani.

Daftari la kikundi lina uzito kuliko unavyodhani

Vikundi vya kuweka na kukopa vya mtindo huu vilianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikaingia Zanzibar. Wanachama wengi ni wanawake. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Huo ni udhibiti wa ndani, mambo yaleyale ya benki ambako kasha kuu halifunguliwi na mtu mmoja.

Kama kikundi cha mama au shangazi yako kinahangaika na katibu, jitolee. Shika daftari mzunguko mmoja mzima. Jifunze kuandika siku ileile, siyo "nitakumbuka". Halafu hamishia hesabu kwenye jedwali la kompyuta. Google Sheets ni bure na inafanya kazi kwenye simu. Usiliondoe daftari la karatasi, kwa sababu wanachama wanaliamini hilo, na wana haki.

Kisha liingize kwenye wasifu wako wa kazi. Wengi wanaandika "mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Kila mwombaji ameandika hivyo. Linganisha na hii: "Katibu wa kikundi cha wanachama 25, mizunguko miwili, mzunguko wa mwisho tuligawana shilingi 8,400,000, hesabu ya sanduku na daftari zilikubaliana." Anayesoma wasifu 300 kwa siku atasimama hapo. Iwe kweli tu, maana usaili utauliza.

Uwakala: skuli nzuri, lakini ina miba

M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na kwa watu wa dago ilibadilisha mambo. Zamani pesa ya nyumbani ilisubiri mtu anayerudi Pemba. Sasa anayevua Mafia anatuma jioni, mkewe anatoa Kojani asubuhi. Kati yao yupo wakala.

Kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita na hana ada ya chuo anaweza kuanzia hapo, kwake mwenyewe au kwa kusimamia kibanda cha mtu. Atajifunza jambo moja ambalo hata benki kubwa zinahangaika nalo: ukwasi. Wakala ana mifuko miwili, floti kwenye simu na keshi mkononi. Watu wakija kutoa, keshi inaisha na floti inajaa. Wakija kuweka, inageuka. Mtaji haujapungua hata shilingi, lakini uko upande usiotakiwa. Mjini unatuma mtu benki. Kisiwani kuifuata keshi ni kuvuka maji, kwa hiyo lazima ujue mapema: kesho kutwa wavuvi wanaanza kutuma, wiki ijayo ni sikukuu, niwe na kiasi gani droo?

Andika kila siku keshi ya kufungulia na ya kufungia. Baada ya miezi sita utakuwa na takwimu za kijiji kizima za mwendo wa pesa, na hakuna ofisi iliyokuwa nazo kabla yako.

Miba ni hii. Kamisheni ni ndogo, na pesa ya mtaji iko mkononi kila saa. Wakala wengi hawaanguki kwa kuibiwa na majambazi. Wanaanguka kwa kukopesha rafiki "mpaka jioni", na kwa kununua unga kutoka kwenye droo. Wengine wanapigiwa simu na mtu anayejiita wa kampuni, anawaelekeza wabonyeze hiki na kile, na floti inayeyuka. Kampuni haimpigii wakala kumuuliza namba ya siri, na mtu yeyote anayeiuliza ni tapeli. Namba hiyo usimpe hata ndugu anayekushikia kibanda ukiwa msikitini. Funga, nenda, urudi.

Karatasi bado zinahitajika

Uzoefu unafungua mlango, lakini wa kukaa ndani lazima awe na cheti. Kwa Zanzibar, kilichokuwa Chuo cha Uongozi wa Fedha Chwaka kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na masomo ya biashara na uhasibu yakaendelea huko. Dar es Salaam kuna Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, cha tangu 1972. Kwa mikopo ya masomo, Mzanzibari anaangalia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na ile ya Muungano pia. Soma masharti ya zote mbili kabla hujachagua chuo, siyo baada.

Baada ya hapo zipo sifa za kitaaluma, na hapa vijana wengi wanachelewa. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliyoundwa 1972, ndiyo inayotoa CPA. Siyo lazima uwe na shahada kuanza nao: kuna ngazi ya fundi wa hesabu, ATEC, chini kabisa ya ngazi. Mwenye shahada ya uhasibu anaanzia katikati. Mitihani iko Mei na Novemba. Kwa upande wa benki, Taasisi ya Wanabenki Tanzania, TIOB, inatoa sifa ya CPB. Mtandaoni utasikia sana habari za CFA. Ni nzuri kweli, lakini ada yake ni ya dola, na kwa kazi za kuanzia Unguja au Pemba hakuna anayekuuliza. Isubiri mwajiri wa kukulipia.

Jambo jengine ni Kiingereza. Mazungumzo na wateja ni Kiswahili, lakini ripoti, barua pepe za makao makuu na usaili mwingi ni kwa Kiingereza. Hili limewaangusha vijana wenye vichwa vizuri vya hesabu. Soma ripoti za mwaka za benki, zipo bure kwenye tovuti zao. Kurasa ishirini za kwanza zinatosha kukupa maneno yote ya ofisini.

Na riba je?

Swali hili nyumbani halikwepeki, na wapo wazazi wanaokataa mtoto asifanye kazi benki kwa sababu yake. Linastahili jibu la heshima, siyo kucheka kwamba "wazee hawajaelewa".

Njia ipo, na imekuwa pana. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, iliyoanzishwa 1966 na inayomilikiwa na Serikali ya Mapinduzi Zanzibar, ina huduma zinazofuata sharia. Amana Bank ilifungua milango 2011 ikiwa benki kamili ya Kiislamu. Bima nayo ina upande wake, takaful, ambapo washiriki wanachangia mfuko wa kusaidiana.

Mtoto wa Kojani tena yuko mbele hapa. Mudharaba ni mkataba ambao mmoja anatoa mtaji na mwingine anatoa kazi, wanagawana faida kwa uwiano waliokubaliana tangu mwanzo. Hasara ya mtaji ni ya mwenye mtaji, isipokuwa mfanyakazi amezembea au amevunja masharti. Ukimweleza hivyo mwenye chombo atasema, mbona ndivyo tunavyofanya? Sivyo hasa, wanazuoni wana masharti yao na mgawo wa chombo hauyatimizi yote, lakini wazo halimshangazi. Kwa anayetaka kubobea, taasisi ya AAOIFI ya Bahrain inatoa vyeti vya uhasibu wa Kiislamu na vya ukaguzi wa sharia. Wenye vyeti hivyo nchini ni wachache, na benki zenye dirisha la Kiislamu zinaongezeka.

Kazi ya kwanza haitakuwa ya ofisi yenye kiyoyozi

Nafasi za kuanzia ni keshia, huduma kwa wateja, afisa mikopo mdogo, na mauzo, yaani kuzunguka mitaani kufungulia watu akaunti kwa malipo ya kamisheni. Ya mauzo inadharauliwa. Isidharauliwe, ila soma mkataba: kuna mshahara wa msingi au ni kamisheni tupu? Nauli ni ya nani?

Kuwa macho zaidi na kazi za "kampuni za mikopo". Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila idhini. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hii ndio wale wanaompigia simu mama mkwe wa mdaiwa na kumtangaza deni lake. Wanaajiri vijana, na wanaajiri haraka. Kijana anaona ni ajira ya fedha, kumbe anaajiriwa kutukana watu. Kampuni ikikuita kazini, uliza leseni yake ni ipi, kisha uitafute mwenyewe kwenye orodha za Benki Kuu. Jina la kampuni iliyofungiwa halipendezi kwenye wasifu.

Ukishapata kazi, mwaka wa kwanza una mitihani miwili ambayo haiandikwi kwenye barua ya ajira.

Wa kwanza ni upungufu. Keshia akifunga hesabu jioni, keshi na mfumo lazima vikubaliane. Siku moja havitakubaliana, inamtokea kila mtu. Kishawishi ni kujazia kimyakimya kutoka mfukoni, au kukopa kwa mwenzako asubuhi ukatae kwamba ilitokea. Toa taarifa jioni ileile. Upungufu ulioripotiwa ni kosa la kazi linalorekebishika. Uliofichwa ukigundulika unasomeka kama wizi, hata kama ulikuwa shilingi 20,000. Na neno lako la siri la mfumo usimpe mtu, hata bosi akiwa na haraka. Kitakachofanyika kwa jina lako utakijibu wewe.

Wa pili ni ndugu. Ukifanya kazi tawi la Wete au Chake Chake, Kojani nzima itajua. Mjomba atakuja.

"Mwanangu, we si upo ndani? Hebu nitazamie, huyo mwenye boti mpya ana kiasi gani?"

Au hili, gumu zaidi: "Nifanyie mpango wa mkopo, tusijazane makaratasi."

Kisiwa kidogo hakina siri, ndiyo maana siri ya mteja inavunjika kirahisi huko kuliko mjini. Neno moja barazani likitoka kwamba fulani ana pesa, kwanza mwenye akaunti ataihamisha, pili wewe huna kazi. Jibu la kumpa mjomba bila kumvunjia heshima lipo: "Mjomba, fomu nitakaa na wewe tuzijaze, na vielelezo nitakuonesha vinavyotakiwa. Lakini faili lako atalishika mwengine, mimi nikilishika watalikataa." Ni kweli, na inamsaidia. Mwambie meneja wako pia, mapema, kwamba mwombaji ni jamaa yako.

Kwa upande wako mwenyewe, usichukue mkopo wa mshahara mwezi wa tatu kwa sababu tu upo karibu nao. Tanzania ina kampuni za taarifa za mikopo zilizopewa leseni na Benki Kuu tangu 2013, na historia yako inasomeka. Mwajiri wa sekta hii anaweza kuitazama, na afisa mikopo mwenye madeni sugu hapewi mafaili ya watu.

Majina yako yanafanana?

Nafasi za taasisi za Muungano, Benki Kuu ikiwemo, zina mgawo unaotambulika wa asilimia 79 kwa Bara na 21 kwa Zanzibar. Kwa hiyo usiache kuomba kwa kudhani ni za watu wa Dar es Salaam. Za Serikali ya Mapinduzi zinatangazwa na Tume ya Utumishi Zanzibar, za Muungano na Sekretarieti ya Ajira. Fungua akaunti kwenye mifumo yao sasa, ukiwa huna haraka.

Na angalia majina. Wapo Wapemba wengi ambao cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, na kitambulisho cha Mzanzibari kimeandika la babu tofauti: Khamis huku, Hamis kule. Mfumo wa maombi hauelewi kwamba ni mtu mmoja. Marekebisho yanafanyika kwenye ofisi za wilaya za Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na yanaweza kuhitaji kiapo na kurudi zaidi ya mara moja. Tangazo la kazi mara nyingi linakaa wazi kama wiki mbili tu.